Huyu bingwa wa skrini nyeusi aje anijibu hapa hapa, kaniaibisha mbele ya ukumbi mzima

Wakuu, leo sina salamu. Naandika spika zangu bado ziko juu ya Kirikuu, sijashusha hata moja.

Wote mnamfahamu, kwa hiyo jina silitaji. Yule ambaye ukiuliza chochote humu, hata bei ya flashi, anakujibu "soma manyuali". Yule anayeona kushika kipanya ni dhambi. Leo kaalikwa kwenye sendoff ninayopiga muziki mimi, kaja mezani kwangu na sahani ya pilau mkononi, kaona nimefungua VLC, programu ya kupigia muziki kwa kubofya, nyimbo 12 zimepangwa kama kamati ilivyotaka. Kacheka! "DJ mzima unabofya?" Kaifunga VLC yangu, sijamruhusu, kafungua skrini nyeusi ya kuandikia amri, kaandika `mpv *.mp3`, yaani programu ya mpv ipige mafaili yote ya mp3, kapiga Enter, kanitazama kama rubani aliyetua salama.

Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili ndio wa kumwingiza bibi harusi. Faili limeandikwa 2. Baada ya 1 ni 2, mtoto wa chekechea anajua. Amri yake ikaona baada ya 1 ni 10. Na 10, wakuu, ni wimbo wa kuagana!

Bibi harusi yuko mlangoni. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kamera zote kwake. Spika zinamwimbia kwaherini. Meza za nyuma watu wameshasimama, nusu ya ukumbi inatafuta mifuko ya kubebea vyakula, kuna mzee kapanda bodaboda karudi kwao.

Nikamwambia ruka wimbo. Kabonyeza q! Mtu anayetufundisha humu kila siku kwamba kuruka ni `>` au Enter, kabonyeza q, na q inafunga programu yote. Ukumbi kimya. Nilisikia barafu ikiyeyuka kwenye ndoo ya soda. Bibi harusi mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Kaandika jina kwa mkono: `mpv 2 Bibi Harusi.mp3`. Jina lina nafasi katikati, kaliandika bila alama za kunukuu! Programu ikaenda kutafuta faili linaloitwa 2, hakuna. Linaloitwa Bibi, hakuna. Harusi.mp3, hakuna. Maandishi mekundu matupu. Mlangoni mguu mmoja ndani, mmoja nje, shela limeanza kuloa jasho.

Sasa sikieni. Mama mzaa bibi harusi kaja kuuliza kuna nini. Huyu bwana kamgeukia, tena kwa adabu zote: "Mama, tatizo ni DJ wenu, hajui hata kuyapa mafaili majina." Na maiki ya MC ilikuwa imelazwa pale mezani, inawaka. Ukumbi mzima umesikia. Mpaka mpishi kachungulia dirishani.

Hajui kuyapa mafaili majina! Mimi! Nimepiga sherehe Morogoro nzima kwa kubofya, hakuna bibi harusi aliyewahi kuagwa kabla hajaingia. Aje aniombe radhi hapa hapa. Hajui kuyapa mafaili majina, kasema, kwenye maiki!

Kapteni Dagaa: Nimekaa pale na karanga zangu 😂 Mkuu, alishaingia au bado mguu mmoja nje?

Nungunungu: Pole. Ila ile nyota ya kwenye `*.mp3` hupanga majina herufi kwa herufi, haihesabu. 10 inaanza na 1, lazima itangulie 2. Ungeandika 01, 02, 03 mpaka 12, bibi harusi angeingia na wimbo wake.

DJ Mwenye Uzi: Wewe ndiye yeye umekuja na akaunti nyingine?

Nungunungu: Hapana, ila kuhusu majina kasema kweli 😂😂

DJ Mwenye Uzi: KWENYE MAIKI? Mbele ya mama wa watu?

Shangazi Mkali: Huyo mimi nilimuuliza namna ya kusikiliza mawaidha taratibu, kanijibu "bonyeza mabano" kisha kapotea. Mabano yapi? Nimehangaika na ya duara mpaka kidole kikafa ganzi. Kumbe ni ya mraba, `[` kupunguza mwendo, `]` kuongeza. Herufi mbili tu zimemshinda kuniandikia, kazi kututukana.

Mlinda Seva: Afadhali nyie. Kuna jamaa ofisini kwetu, usiku yuko kwake, kaingia kwa ssh, yaani kwa mbali kupitia mtandao, kwenye kompyuta ya ofisi, kapiga mpv asikilize taarabu. Hasikii kitu. Akawa anabonyeza 0, maana kwenye mpv 0 inaongeza sauti na 9 inapunguza, kafika asilimia 130. Bado hasikii, kalala. Muziki ulikuwa unatoka kule kule ofisini! Mlinzi kaacha lindo, anasema jengo lina jini linalopenda taarabu.

Kapteni Dagaa: Sifuri inaongeza sauti??? Aliyepanga hivyo aletwe humu.

Bint wa Pwani: Msiniambie habari za mpv, mimi nina hasira na cvlc, ile VLC ya skrini nyeusi. Nimeiwekea kengele ya shule. Ya saa mbili ikalia, ikaisha, yenyewe ikabaki pale imekodoa macho. Mstari uliofuata wa amri zangu haukuguswa, watoto wa asubuhi wakasoma hisabati mpaka mchana. Kumbe lazima uiambie `--play-and-exit`. Umemaliza kazi, unasubiri nini usiondoke?

Mzee wa Kigoda: VLC muiheshimu. Imeanza 1996, mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, na tangu 2001 iko huru chini ya leseni ya GPL. Hiyo mpv ni mjukuu tu wa MPlayer, programu ya zamani, imezaliwa juzi.

Nungunungu: Mjukuu ndiye anayefanya kazi za nyumbani siku hizi, mzee.

Mzee wa Kigoda: Ndiye aliyemuaga bibi harusi mlangoni?

Mlinda Seva: 😂😂😂 Fungeni uzi.

Kapteni Dagaa: Tuache programu. Hapa mwenye kosa ni MC. Nani anaacha maiki inawaka mezani? Ma-MC wa siku hizi wanakula kuliko wageni.

Shangazi Mkali: MC kitu gani? Kamati! Nimechanga laki nzima mwezi uliopita, nimepewa soda ya moto na ukoko wa pilau. Nyama niliiona kwenye picha za watu.

Bint wa Pwani: Wewe umepata ukoko. Sisi kadi yetu iliandikwa "single", mume wangu kazuiwa getini na suti yake.

DJ Mwenye Uzi: Jamani uzi ni wangu! Mguu mmoja ndani, mmoja nje! Na yeye bado hajaja kujibu!

Shangazi Mkali: Alishaingia huyo, kakaa, kalishwa keki. Mimi nyama sijaiona mpaka leo.

Kijana wa Sirari: Samahani kutoka nje ya mada. Nikipiga muziki mtupu kwa mpv, bila video, kompyuta inalala katikati ya wimbo. Nifanyeje?

Nungunungu: Tanguliza `systemd-inhibit` kabla ya neno mpv. Haitalala mpaka nyimbo ziishe.

Kijana wa Sirari: Shukrani mkuu, imekubali. Shangazi, hiyo kamati ya ukoko ni ya wapi? Kuna watu wananidai mchango wa Jumamosi, nisije nikawa natuma kwa hao hao.

Shangazi Mkali: Njoo PM, usitume hata mia.