Naomba ushauri: nimsimulieje Myconius kwa vijana?

Ndugu zangu, nimepewa kipindi cha vijana wa usharika Siku ya Matengenezo, 31 Oktoba, tunapokumbuka Martin Luther alivyoanza kulitengeneza Kanisa. Habari za Luther huzisikia kila mwaka, hivyo nataka niwaeleze Friedrich Myconius, mtawa wa Kijerumani aliyekuja kuwa rafiki na mwenzake Luther katika Matengenezo.

Mwaka 1510, akiwa mwanafunzi Annaberg, alimwendea Tetzel, mtawa Mkatoliki aliyeuza vyeti vya rehema (hati za kuondolewa adhabu ya dhambi), kuomba cheti bure kwa kuwa hakuwa na fedha. Akanyimwa. Mwaka huohuo akaingia utawa wa Wafransisko akitafuta amani na Mungu. Alipoyapokea mafundisho ya Luther wakubwa wake walimbana sana, hadi akatoroka mwaka 1524, akawa mhubiri wa Gotha.

Kinachonigusa zaidi ni mwaka 1541. Kifua kilimlemea, akajua anakufa. Luther akamwandikia kwamba anamwomba Mungu amwache Myconius aishi kuliko yeye. Na ikawa hivyo: Luther alifariki Februari 1546, Myconius Aprili.

Shida yangu ni kwamba baadhi ya vijana hawa wana mama au bibi Wakatoliki. Kisa cha Tetzel siwezi kukiruka, lakini sitaki mtoto atoke pale akiidharau imani ya mama yake. Nianzie kwenye ile barua? Mliowahi kufundisha mchanganyiko kama huu, mlifanyaje?