Makala ya mawe ya Luena, juu ya nini Lubumbashi ilikuwa inatosha ingine ku Rhodesia?

Mwana_wa_Kenya
Jambo banduku. Kambo yangu alitumika ku Luena mbele ya kukuya huku Lubumbashi. Juzi nimefungula kisanduku yake nikakuta kipande ya jiwe nyeusi, upande moja inang'aa, ukishika tu vidole vinabaki sawa umekangua chini ya sufuria. Sasa swali: Luena iko pa njia ya treni kabisa, ukitoka Tenke unaenda Kamina, juu ya nini banasema Union Minière, ile kampuni ya mukuba ya wakati ya bazungu, ilikuwa inaleta makala ya kuyeyushia mukuba toka Wankie, mbali kule Rhodesia (leo Zimbabwe)? Ba kambo balikuwa banachimbaka bure?

YayaKatuba
Bure hapana. Ila angalia miaka mwana: furu ya hapa Lubumbashi ilianza kutosha mukuba mu 1911, treni ilifika Bukama mu 1918, Luena yenyewe ni mambo ya miaka ya 1920. Wankie ilikuwa imesha kuwa pa njia ya treni toka zamani, ndiyo balianzia kule.

fondeur_wa_zamani
Yaya iko na haki lakini haiko paka miaka. Ile furu inatakaka coke, ni kusema unachoma makala ya mawe bila hewa mpaka moshi na gesi vitoke, inabaki kitu nguvu, na matundu mingi, yenye kubeba uzito ya mawe ya mukuba pa juu yake bila kuvunjika. Ya Luena haifanyi coke, hata uichome namna gani, na inaacha majivu mingi sana. Nzuri kwa kuchoma simenti, njo vile ilikuwa inaendaka Lubudi, pale jirani tu. Kisha courant ya maji ikafika, barrage ya Mwadingusha mu 1930, kisha ya Koni, Nzilo na Nseke, na treni yenyewe ikaanza kutembea na courant kati ya Tenke na Likasi mu 1952, sasa makala nani atayililia? Luena ikabakia mu mikono ya Gécamines, kampuni ya Serikali yenye ilikamata nafasi ya Union Minière, lakini moto ilikuwa imesha punguka.

bukari_na_samaki
Mama mukubwa alijaribu kuipikia bukari siku moja eti makala ni makala!! Moshi ya njano, lupango nzima inakohoa, voisin akakuya kuuliza nani anachoma pneu 😂 bukari tulikula ile siku ilikuwa na harufu ya garage

YayaKatuba
😂😂 Na Luena haikuwa yenyewe tu. Karibu na Kalemie, mu bonde ya Lukuga, kulikuwa mine ingine ya makala ya mawe, bazungu baliita Greinerville. Leo pale panaitwa Makala.

Mwana_wa_Kenya
Asanti sana bote. Nimemusomea Kambo ile ya fondeur. Ya majivu amekubali. Ya bukari ameniuliza kama mama mukubwa alitia mukuni kidogo pa chini kwanza, juu beye kule Luena balikuwa banapikiaka vizuri tu.