Kabati la droo la mninga au kaunta ya duka: ipi igeuzwe meza ya katikati ya jikoni?

MamaTabata: Wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sijamlipa fundi malipo ya awali. Nataka meza ya katikati ya jikoni, ambayo mtu anaweza kusimama upande wowote akaandaa chakula, yenye nafasi ya sufuria chini yake, na sioni sababu ya kununua mpya wakati nyumbani kuna samani zinazokaa bure. Ninalo kabati la droo la mninga alilotuachia marehemu mama mkwe, na kaunta ya duka tulilolifunga, yenye rafu nyuma na kioo mbele. Ipi inafaa zaidi?

SeremalaKeko: Dada, hujatupa kipimo hata kimoja. Jiko lina ukubwa gani, na kila samani ina kimo gani? Kuizunguka meza kunahitaji njia ya angalau sentimita 90, na mahali mlango wa friji unapofungukia ni bora kuwe na zaidi. Sema pia kaunta ni ya mbao gani, maana nyingi zina fremu ya mbao na mbavu za plaiwudi nyepesi.

BiRehani: Mimi nasema kabati la mninga, bila hata kusubiri vipimo. Toa droo mbili za chini, upate rafu ya sufuria, lakini usimruhusu fundi aondoe vile vipande vya mbao vilivyolala kati ya droo na droo, kwa kuwa ndivyo vinavyolishika kabati lisiyumbe. Mgongo wa kabati huwa ni plaiwudi nyembamba kwa sababu ulitengenezwa kuegemea ukuta. Katikati ya jiko utaonekana, kwa hiyo uvikwe mbao.

Mkazi_Kimara: Chochote utakachochagua, hakikisha kwanza kwamba ni mbao halisi. Fundi niliyemwamini alichukua bufeti yetu, ambayo chini ya ngozi yake ya juu ilikuwa maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi, akapandisha bamba la granaiti bila kuongeza fremu ndani. Nilimwuliza kuhusu uzito akanihakikishia kuwa hakuna shida, ingawa granaiti ya unene wa sentimita 2 hufikia takriban kilo 54 kwa mita moja ya mraba. Kilichotuangamiza hata hivyo kilikuwa maji. Kila sakafu ilipopigwa deki, unyevu ulipanda kupitia chini ya mbavu, ambazo hazikuwa na miguu, zikavimba na kumumunyuka, skrubu zikakosa pa kushika, upande mmoja ukazama, na hatimaye bamba likapasuka katikati. Tulipoteza bufeti na granaiti pia, na fundi hakurudisha hata shilingi.

SeremalaKeko: Pole sana, ndugu. Hilo ni kosa la fundi, si la granaiti. Hata hivyo mimi huweka juu mbao za msaji, kwa sharti kwamba kingo zifutwe kwa thina kabla ya kuunganishwa, kwa sababu msaji una mafuta yake ya asili na gundi haiushiki vizuri.

BiRehani: Mninga kwa mninga, ndugu Seremala. Kwa nini achanganye rangi?

MamaTabata: Asanteni. Jiko ni mita 3 kwa 3.2, na makabati ya ukutani, yenye kina cha sentimita 60, yanafuata ule ukuta wa mita 3. Kaunta ina urefu wa mita 1.8 na kimo cha sentimita 95. Kabati lina urefu wa sentimita 110, kina cha 45 na kimo cha 78. Nimeona pia unga mweupe chini ya droo ya mwisho.

SeremalaKeko: Basi kaunta haiingii bila kukatwa: ukiilaza sambamba na makabati, kila kichwa kitabakiwa na sentimita 60 tu. Kabati linaingia vizuri, na miguu ya sentimita 8 pamoja na mbao ya juu ya 4 italifikisha kwenye 90.

UpishiTanga: Tisini ni nyingi kwa kukanda unga na kusukuma chapati, kazi inayotaka mtu aegemeze uzito wake. Pima kutoka kwenye kiwiko chako, ushuke sentimita 15 hadi 20. Kwa wanawake wengi 78 ile ile, ikiongezewa unene wa mbao ya juu, inatosha.

Mkazi_Kimara: Na huo unga mweupe ni wa dumuzi, mdudu anayetoboa mbao. Paka mafuta ya taa.

UpishiTanga: Mafuta ya taa mahali pa chakula? Harufu itakaa ndani ya droo.

SeremalaKeko: Ni bora maji ya boraksi, lakini hayapenyi juu ya vanishi, kwa hiyo ni lazima mbao ipigwe msasa kwanza. Dumuzi hupenda ile sehemu nyeupe ya mninga, ilhali kiini hukiogopa. Dada, futa unga wote, weka karatasi chini, kisha uangalie baada ya wiki kama umeanguka mwingine. Matundu yako kwenye droo peke yake, au hata kwenye nguzo?

BiRehani: Hata kama yako kwenye nguzo, nguzo moja hubadilishwa. Kabati hilo lisiachwe.