Naomba ushauri: gari yangu MGB ya 1968 inazima ikishapata moto

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa. Nipo Uingereza, nina MGB ya 1968, injini ya cc 1798, kabureta mbili za SU. Naitengeneza mwenyewe nyumbani na naipenda mno gari hii.

Asubuhi inawaka mara moja. Nikiendesha dakika ishirini hivi inaanza kukosakosa, kisha inazima kabisa. Nikiiacha ipoe nusu saa, inawaka kama haijawahi kuugua.

Nimebadilisha plagi, platini na kondensa. Uwazi wa platini nimeupima, ni milimita 0.38. Ikizima, nikifungua swichi bila kupiga stata, pampu ya mafuta kule nyuma inagonga tik-tik mara mbili tatu halafu inanyamaza, kwa hiyo naamini mafuta yanafika. Koili, ile inayotoa umeme wa cheche za plagi, ndiyo sijaibadilisha, na wakati huo huwa ya moto kiasi kwamba kiganja hakivumilii. Maandishi yake yamefutika.

Nitajuaje kwa hakika, pale pale barabarani, kama ni koili au ni mafuta yanachemka kwenye kabureta? Na koili sahihi ya gari hii inatakiwa isome ohmu ngapi? Sitaki kununua kwa kubahatisha.