Naomba ushauri: nataka kurudi kwa mzee wangu kule Machame, nianzie wapi?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni Mchaga wa Machame, naishi Mwanza. Na mzee wangu hatujasemezana tangu kabla ya korona. Chanzo ni kihamba, yaani shamba la ukoo pale nyumbani: alimpa mdogo wetu wa mwisho upande niliokwisha kuchimba msingi. Najua kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, lakini ule upande nilionyeshwa mimi, tena mbele ya wajomba.

Simu zangu hapokei. Hela niliyomtumia aliirudisha yote, hadi ya kutolea. Mama anasema miguu inamsumbua siku hizi na ukali umepungua, ila nikitajwa anainuka mezani.

Desemba nataka kupanda nyumbani. Shangazi ananishauri nitangulize jani la isale, lile la kuombea msamaha kwetu Uchagani, eti mzee wa Kichaga halikatai. Kaka yangu anacheka: baba ni mzee wa kanisa, atanifukuza na majani yangu.

Wenye uzoefu, isale hupelekwa na nani, baba mdogo au mjomba, na mimi niwepo au nisubiri Moshi mjini? Pia habari ya kihamba niiguse siku hiyohiyo au niiache kwanza?