Tupeane uzoefu: aliyefanya kosa zito, gereza linaweza kumrekebisha?

Wakuu, mtu aliyeua au kupora kwa silaha anaweza kutoka gerezani akiwa amebadilika? Mnaofanya kazi hii, tuelezeni kinachofanyika hasa na kinachoharibu.

Mshauri nasaha
Anaweza, lakini kufungiwa tu hakumbadilishi. Kwanza apimwe: hasira, ulevi, marafiki, namna anavyojitetea. Kisha aingie kwenye kundi la watu wanane hadi kumi, kwa miezi kadhaa, alichambue kosa lake: nini kilitokea, aliwaza nini, mwili ulihisi nini, akatenda nini. Akiandika "alinidharau, ikabidi nimchome", tunasimama hapo kwenye "ikabidi". Kabla ya kisu kutoka, alikuwa na nafasi ngapi za kuondoka? Azihesabu, halafu aziigize moja moja mbele ya wenzake mpaka maneno ya kuondoka yamtoke bila kutafuta. Kinachoharibu ni kumchanganya wa kosa dogo na wahalifu sugu. Huyo atatoka na mafunzo mengine kabisa.

Mkufunzi wa karakana
Cheti cha ufundi anachopata ndani kitambulike nje na kisitaje gereza. Uchambuzi wa taasisi ya utafiti ya RAND wa mwaka 2013 kuhusu magereza ya Marekani ulionyesha kuwa waliosoma wakiwa ndani walirudia makosa kwa kiwango cha chini kuliko wasiosoma. Tukumbuke tu kwamba anayejiandikisha darasani mara nyingi ana nia tayari.

Askari magereza
Adhabu ya upweke inabomoa kila mnachojenga. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2015, zinakataza kumtenga mfungwa zaidi ya siku 15 mfululizo.

Afisa ustawi
Mimi nasema mengi huharibikia getini. Miezi sita kabla ya kutoka, shughulikieni kitambulisho, pa kulala, dawa, na nani atampokea. Familia ya aliyeumizwa ijulishwe mapema, na mfungwa aambiwe asikanyage wapi. Aliyekuwa akitumia heroini aelezwe waziwazi: mwili umeshasahau kipimo cha zamani, akikirudia anaweza kufa, na wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Tena asitolewe Ijumaa jioni. Ofisi zote zimefungwa hadi Jumatatu, na wa kumpa godoro usiku huo ni wale wale aliofanya nao kosa.