Nimepata nafasi ya kucheza mpira chuo Marekani lakini ufadhili si kamili, naombeni ushauri

WingaWaKilifi
Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni msichana wa miaka 18, mwenyeji wa Kilifi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na KCSE nikapata B. Nacheza winga ya kushoto. Mwalimu wetu wa michezo alikusanya video zangu za mashindano ya shule akazituma kwa makocha wa Marekani, na mmoja wa chuo kidogo cha Division II (daraja la pili la michezo ya vyuo) kule Ohio akajibu. Tumeshazungumza naye kwa video, mamangu akiwepo.

Anasema gharama yote ya mwaka, yaani karo, bweni, chakula na bima, ni dola 38,000. Wakijumlisha ufadhili wa mpira na wa masomo, mimi nitabakiwa na dola 11,000 za kulipa kwa mwaka. Baba ni mvuvi, mama anauza leso. Jamaa wamesema watafanya harambee.

Nataka kusomea uuguzi. Je, inawezekana kusoma uuguzi na kucheza kwa pamoja? Siku ya mchezaji huko inakwendaje hasa? Mimi nafunga, na uwanjani navaa hijabu. Pia kuna timu ya Ligi Kuu ya wanawake hapa nyumbani inanitaka. Kocha wa Ohio anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi na mimi silali.

Beki_Mstaafu
Hongera sana mdogo wangu. Nilicheza beki wa kulia Division II, majimbo ya huko huko, na digrii nikaipata. Nitakueleza mwaka unavyokwenda, kwa sababu kocha anayekutafuta hasimulii yote.

Mwezi wa Agosti mnaripoti kabla ya wanafunzi wengine. Jambo la kwanza ni kupimwa mbio, na asiyefaulu hurudia alfajiri. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, imeweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki, lakini kikomo hicho hakishiki kabla masomo hayajaanza, kwa hiyo wiki hizo mnafanya mazoezi asubuhi na jioni. Usiende ukitarajia kujenga pumzi ukifika. Ijenge hapo nyumbani, kwenye mchanga wa ufuo, kuanzia sasa.

Masomo yakianza, saa 20 zinashika: zisizidi 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika kila wiki. Sasa sikiliza zinavyohesabiwa. Mechi huandikwa saa 3 hata ikila siku yako nzima. Safari ya basi haihesabiwi. Kutibiwa mguu hakuhesabiwi. Kwa kawaida kuna mechi mbili kwa wiki, na mechi kama 18 zinabanwa kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Novemba. Basi likiwafikisha saa nane usiku, darasa la saa mbili asubuhi linakungoja vile vile. Utajifunza kusomea kwenye kiti cha basi, na kumwandikia mwalimu mapema kwamba Ijumaa hutakuwepo. Walimu wengi ni waelewa ukiwaambia kabla. Ukiwaambia baada ya kukosa mtihani, ni shida.

Januari hadi Aprili hakuna ligi, saa zinashuka. Kunyanyua vyuma alfajiri, theluji nje. Wachezaji wengi hawaupendi muhula huo, lakini ndio wa kupandisha alama.

Uchezaji wenyewe ni wa kasi na nguvu. Kanuni za vyuo zinaruhusu kubadilisha wachezaji wengi, na aliyetolewa anaweza kurudi, kwa hiyo winga huambiwa akimbie bila kujihifadhi dakika ishirini na tano, kisha anapumzishwa. Na jiandae kwa benchi. Shuleni wewe ndiwe nyota. Kule utakuta wenzako karibu thelathini, na kila mmoja alikuwa nyota kwao. Nimeona wasichana wenye vipaji wakirudi nyumbani kabla ya Krismasi kwa sababu ya hilo peke yake.

Mhasibu_Changamwe
Mimi mpira siujui, nazungumzia pesa. Mwanangu, dola 11,000 ni kama shilingi milioni moja na laki nne. Kwa mwaka. Uuguzi ni miaka minne. Harambee itakupeleka mwaka wa kwanza, na Kilifi nzima itakuja kwa furaha. Mwaka wa pili watu wale wale wataitwa tena? Nawaomba wazazi wako wakae chini wahesabu ile miaka mitatu inayobaki kabla ya kuhesabu tiketi ya ndege.

Yapo pia ambayo hayako kwenye ile 38,000. Viza ya mwanafunzi ni dola 185, na kabla yake kuna ada ya SEVIS, mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350. Ufadhili ukivuka karo na vitabu ukaingia kwenye bweni na chakula, sehemu hiyo hukatwa kodi, kwa kawaida asilimia 14 kwa wenye F-1, yaani hiyo viza ya mwanafunzi, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia. Muulize kocha pesa zao wanaziandikia nini, karo au chakula. Na usiweke kazi kwenye hesabu zako. F-1 inaruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo, lakini kwa ratiba aliyoieleza Beki hapo juu, saa hizo utazitoa wapi?

Shabiki_wa_Starlets
Naomba nipingane. Kwa nini kila mtu anafikiri mpira wa wanawake uko Marekani tu? Junior Starlets walicheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2024, timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA. Mwaka huo huo Police Bullets wakachukua ubingwa wa CECAFA wa vilabu. Saini na timu ya hapa, omba nafasi ya uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kaa karibu na wazazi. Deni hutakuwa nalo.

Beki_Mstaafu
Shabiki, hoja yako naiheshimu, na kama pengo la pesa halizibiki hata mimi nitamwambia abaki. Ila aulize jambo moja kabla ya kusaini popote. NCAA ina kanuni za nani bado ni mchezaji wa ridhaa na za muda unaopita baada ya sekondari. Kwa Division I, kwa mfano, kanuni imekuwa mwaka mmoja. Ukiendelea na mechi za mashindano baada ya hapo bila kujiunga na chuo, misimu minne unayoruhusiwa kuchezea chuo huanza kupunguzwa. Mkataba wa kulipwa hapa unaweza kuufunga ule mlango wa pili. Aandike barua pepe kwa kocha na ofisi ya NCAA inayothibitisha wachezaji, apate jibu la maandishi.

Nesi_wa_Texas
Dadangu, swali la uuguzi ndilo zito kuliko yote uliyouliza, kwa hiyo nitakaa nalo.

Miaka ya mwanzo ni baiolojia, kemia na anatomia. Maabara huwa mchana, na mazoezi mara nyingi huwa mchana. Hapo mnaweza kupanga. Ugumu unakuja wakati wa zamu za hospitali. Unatakiwa wodini kabla ya saa moja asubuhi, pengine kwa saa kumi na mbili mfululizo, na zamu hairudiwi kwa sababu mlikuwa na mechi. Vipo vyuo ambavyo kocha na idara ya uuguzi wamekubaliana tangu zamani na wasichana wanamaliza vizuri. Vipo vingine ambavyo kocha atakwambia “chagua somo lingine” ukishafika. Nimefanya kazi na mwenzangu aliyeambiwa hivyo. Alihamia somo asilolipenda, na uuguzi akaja kuusoma baadaye kwa pesa zake.

Basi usimuulize kocha “naweza kusoma uuguzi?” Atajibu ndiyo. Muulize: kwenye timu ya sasa, nani anasoma uuguzi, yuko mwaka wa ngapi, na naweza kuzungumza naye bila wewe kuwepo? Kama hakuna hata mmoja, hilo ni jibu. Na kuingia chuo si kuingia shule ya uuguzi. Sehemu nyingi unaomba tena mwaka wa kwanza au wa pili, kwa alama zako.

Si jambo lisilowezekana. Sally Kipyego wetu alisomea uuguzi Texas Tech huku akikusanya mataji ya NCAA ya mbio, kisha akachukua fedha ya mita 10,000 Olimpiki ya London 2012. Mbio na mpira havifanani kwa ratiba, lakini ujue kuna aliyepita.

Bint_Swafia
Assalaam aleikum mdogo wangu. Hijabu isikutie wasiwasi. Kanuni za mpira duniani ziliruhusu kufunika kichwa tangu 2014, na vyuoni nimewaona wenzetu wakicheza nayo. Mwambie kocha mapema ili waagize ya rangi ya timu, na suruali ndefu ya kubana ya kuvaa ndani ya kaptula.

Ramadhani kwa miaka yako hii inaangukia kati ya Januari na Machi, nje ya msimu wa mechi. Alhamdulillahi, hutafunga siku ya fainali. Lakini vyuma vya alfajiri vipo, na ukumbi wa chakula hufungwa mapema. Omba uruhusiwe kubeba daku usiku, na muombe mkufunzi wa viungo akusogezee mazoezi mazito baada ya futari. Wengi hukubali wakielezwa. Ulizia pia chakula cha halali na msikiti ulio karibu, maana miji midogo ya Ohio haina usafiri wa umma wa maana. Bila rafiki mwenye gari hutoki chuoni.

La mwisho, kapime selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) hapo hapo Kilifi. Vyuo vya NCAA hutaka kujua hali hiyo kabla hujaanza mazoezi, na sisi wa pwani wenye kurithi jeni moja ya ugonjwa huo, bila kuumwa wenyewe, tuko wengi. Mwenye jeni moja anacheza, lakini lazima makocha wajue ili wampandishe mbio polepole, na maji na mapumziko yasikosekane.

WingaWaKilifi
Shukrani, nimewasomea wazazi yote haya. Kuna mtu mwingine amejitokeza, anasema anajulikana na vyuo, nimlipe 150,000 anipatie ufadhili kamili, na akifanikiwa nimpe asilimia ya ule ufadhili. Ni kweli?

Mhasibu_Changamwe
Usimlipe hata shilingi.

Beki_Mstaafu
Kanuni za NCAA hazikubali mtu alipwe kwa kukupatia chuo au kwa kipimo cha ufadhili uliopata. Huyo anaweza kukuharibia ustahiki wako kabisa. Ushauri wa bure upo: EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani ya ushauri wa masomo, wana ofisi Nairobi, na wanajibu kwa barua pepe.

Sasa kuhusu ufadhili kamili. Division II, timu ya wanawake inaruhusiwa jumla ya ufadhili kamili 9.9 tu, nao hugawanywa kwa kikosi kizima. Ndiyo maana umepewa kipande. Lakini ufadhili wa masomo uko nje ya hesabu hiyo, na hapo B yako ina nguvu. Mwambie kocha waziwazi: familia yangu inaweza kiasi hiki kwa mwaka, je, upande wa masomo mnaweza kuongeza? Si utovu wa adabu, wanazoea kuulizwa. Halafu tuma video zile zile kwingine. Timu za wanawake ni nyingi kuliko za wanaume, sababu kubwa ikiwa sheria ya Title IX ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, na wanaotafuta winga wa kushoto hawakosekani. Tazama NAIA pia, chama kingine cha michezo ya vyuo. Lawrence Olum alipita Missouri Baptist, chuo cha NAIA, akafika Sporting Kansas City na Harambee Stars.

Na karatasi ya ufadhili uisome mstari kwa mstari. Nyingi ni za mwaka mmoja. Ndani ya mwaka hawawezi kukupunguzia kwa sababu umeumia au umecheza vibaya, ila mwaka ukiisha wanaweza kutokuongezea, na wewe una haki ya kukata rufaa. Muulize kocha: wasichana walioumia goti miaka ya karibuni, ufadhili wao ulikuwaje mwaka uliofuata? Magoti ya wanawake huchanika kano zaidi kuliko ya wanaume, kwa hiyo swali hili si la kumkosea mtu.

Nesi_wa_Texas
Na tarehe ya mwisho aliyokupa usiiogope. Muombe wiki mbili zaidi, kwa adabu, umwambie unasubiri kuzungumza na mchezaji anayesoma uuguzi. Anayekutaka kweli atasubiri.

WingaWaKilifi
Nimemwandikia leo. Nimeomba namba ya mchezaji wa uuguzi, nimeuliza kuhusu magoti, na nimemwambia kiasi ambacho baba na mama wanaweza kwa mwaka. Timu ya hapa nimewaambia wanisubiri, sijasaini. Kesho naenda kupima selimundu.

Bint_Swafia
Ukipata jibu la magoti, liweke hapa. Binti wa jirani yangu naye ametumiwa barua na chuo kingine.